Ukuta wa Zidaka kwa Kamera ya Mbao: Shajara ya Kazi ya Mkomani

9 Januari

Kazi hii ina shabaha moja tu, nayo ni kuupiga picha ukuta wa zidaka, yaani vile vishubaka vya kuwekea vitu vilivyochongwa ukutani, ulioko katika chumba cha ndani cha nyumba moja ya mawe mtaani Mkomani, Lamu, kabla mafundi hawajaibandua lipu yake iliyoliwa na chumvi na kuipaka chokaa mpya. Mwenye nyumba, ambaye majirani wote humwita Bi Mkubwa, amenipa ruhusa kwa masharti mawili: nisimpige picha yeye wala jamaa zake, na nisipigilie hata msumari mmoja ukutani. Nimeyakubali yote mawili kwa moyo mkunjufu. Mafundi wataingia baada ya katikati ya mwezi wa pili, kwa hiyo nina wiki tano.

Tangu Mji Mkongwe wa Lamu uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, milango yake imepigwa picha na kila mgeni anayeshuka gatini, na sina la kuongeza kuhusu milango. Kuta za ndani ni jambo jingine. Hizo hazionekani kutoka njiani, na fundi mwenye mkono mzito anaweza kuzifuta kingo zilizochongwa kwenye chokaa kwa asubuhi moja bila mtu wa nje kujua kilichopotea.

Kamera nitakayotumia ni ya mbao na shaba, iliyotengenezwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 kwa mabamba ya kioo ya inchi 4¾ kwa 6½. Lenzi zake ni mbili. Ya kwanza ni Rapid Rectilinear yenye urefu wa fokasi wa inchi 8, yaani milimita 203, ambayo aina yake ilitolewa mwaka 1866 na John Henry Dallmeyer wa London, karibu wakati ule ule Adolph Steinheil wa Munich alipotoa ya kwake inayofanana nayo. Ya pili ni ya muundo wa Petzval, niliyoitoa katika projekta ya kale ya slaidi za kioo. Haina jina la mtengenezaji wala tundu la kupunguza mwanga. Nakiri kwamba hii ya pili ndiyo iliyonivuta katika kazi hii tangu mwanzo, na nimekuwa nikiuona ukuta wa Bi Mkubwa kichwani mwangu kupitia kioo chake.

13 Januari

Leo nimekagua mvukuto wa kamera, ile ngozi iliyokunjwa inayounganisha ubao wa mbele na ubao wa nyuma. Niliingia nayo chooni usiku, nikazima taa, nikawasha tochi ndani yake na kuzungusha polepole. Pembe za mikunjo zilitoa nuru katika vijitundu saba. Nimeviziba kwa vipande vya kitambaa cheusi na gundi laini inayokubali kukunjika, kwa sababu gundi inayokauka ngumu hupasua ngozi pale pale mara mvukuto unapofungwa.

Lenzi ya Rapid Rectilinear ilikuwa na utando wa kuvu pembeni mwa kioo cha nyuma, ugonjwa unaojulikana na kila mwenye lenzi hapa pwani. Nimeusafisha, na kuanzia sasa lenzi zote mbili zitalala ndani ya kopo lenye kifuniko cha mpira pamoja na mchele uliokaushwa juani.

16 Januari

Filamu ya inchi 4 kwa 5 hupatikana kwa urahisi kuliko ile ya ukubwa asilia wa kamera hii, kwa hiyo nimemwomba fundi seremala anitengenezee ubao wa nyuma wa kupokea makasha ya filamu ya ukubwa huo. Ametumia mvule mkavu. Nilimweleza kwamba sharti kuu ni moja: kioo cha fokasi, kile ambacho picha huonekana juu yake kabla ya kupigwa, na filamu vikae katika umbali ule ule kutoka kwenye lenzi, na kwa makasha haya filamu hulala karibu milimita 5 ndani ya uso wa kasha. Akichimba zaidi au pungufu, nitaona picha kali kwenye kioo na kupata picha hafifu kwenye filamu. Fundi hakuandika chochote. Alilichukua kasha, akalipima kwa kalipa mara tatu, akaniambia nirudi baada ya sala ya alasiri. Nimelijaribu usiku huu, na kazi yake imesimama sawasawa.

Kutumia filamu ndogo kwenye kamera kubwa kuna faida nyingine niliyoikusudia. Lenzi iliyotengenezwa kwa bamba kubwa hutupa duara la picha pana kuliko filamu yangu, na upana huo wa ziada unaniruhusu kuupandisha au kuushusha ubao wa mbele bila kuinamisha kamera. Ukiinamisha kamera kutazama juu, mistari ya ukuta hukaribiana kileleni. Ukiipandisha lenzi peke yake huku filamu ikibaki wima, mistari haipotoki.

18 Januari

Leo nimepima chumba. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Hapa upana ni mita 2.9. Nikiondoa nafasi ya kamera na ya kichwa changu chini ya kitambaa cheusi, lenzi haiwezi kukaa mbali na ukuta zaidi ya mita 2.5. Kwa umbali huo lenzi ya milimita 203 huingiza kwenye filamu eneo la takriban mita 1.35 kwa mita 1.07, ilhali ukuta wenyewe una mita 4.6.

Lenzi pana ya kisasa ingeumaliza ukuta huu kwa vipande viwili, na rafiki yangu mmoja wa Malindi alijitolea kuniazima moja. Nimemshukuru na kukataa. Ninachotaka kuonyesha ni alama za kisu cha fundi kwenye chokaa, na kipande kimoja cha filamu hii kina eneo la karibu mara 13 la filamu ya kawaida ya milimita 35. Kwa hiyo kuugawa ukuta katika vipande vinane kunanipa picha ya pamoja ambamo hata mchubuko wa ukucha utasomeka. Nitapiga safu mbili za vipande vinne, kila kimoja kikiingiliana na jirani yake kwa kiasi cha sentimita 25 ubavuni. Kwa safu ya juu nitapandisha miguu ya kamera, kisha kumalizia kwa ubao wa mbele, kwani kuusogeza ubao milimita 25 kunaisogeza picha karibu sentimita 31 ukutani.

Ili kamera isogee sambamba na ukuta, nimevuta uzi wa uashi sakafuni kutoka pembe hadi pembe, na kuutia alama nne za chaki. Timazi nimeikopa kwa fundi mwashi. Pimamaji iliyowekwa juu ya kamera na mtengenezaji imekauka.

21 Januari

Jaribio la kwanza limeharibika. Niliweka filamu ya Ilford FP4 Plus, ambayo kasi yake ya kupokea mwanga ni 125, nikafunga tundu la lenzi kwenye alama ya 32, na kipimamwanga kikaniambia sekunde 60 baada ya kuongeza kidogo kwa ajili ya urefu wa mvukuto. Filamu huchoka katika mwanga mdogo, na kwa hii mtengenezaji hutoa kanuni ya kuupandisha muda uliopimwa kwa kipeo cha 1.26, sekunde 60 zikawa 174. Nilihesabu kwa saa ya mkononi, nikalifunika tundu, nikasafisha filamu usiku. Negativu ni nzito mno. Kuta nyeupe zimekuwa weusi mtupu usiopenyeka, na kingo za zidaka zimezama humo.

Nilidhani dawa ya kusafishia ilikuwa moto kupita kiasi. Nimerudia kwa uangalifu mkubwa zaidi, na matokeo ni yale yale.

23 Januari

Kosa nimeliona leo, nami naliandika kwa kirefu kwa sababu litampata kila anayeokota lenzi ya zama hizo. Alama za lenzi yangu ni 4, 8, 16, 32, 64 na 128, na mimi nilizisoma kama nisomavyo lenzi yoyote. Lakini nilipoiangalia ile 4, ambayo ndiyo uwazi wake wote, akili ilikataa: lenzi ya milimita 203 yenye uwazi wa f/4, yaani tundu lenye upana wa robo ya urefu wa fokasi, ingehitaji tundu la milimita 50, ilhali kioo cha mbele hakifiki hata milimita 30. Nikachukua rula. Kwenye alama ya 4 tundu lilikuwa na milimita 25, ambayo ni f/8. Kwenye alama ya 32 lilikuwa na milimita 9, na 203 ukigawanya kwa 9 unapata kati ya 22 na 23, si 32.

Hizi ni namba za mfumo wa kale wa Waingereza, ambao uliwekwa ili kila alama ihitaji muda mara mbili ya ile iliyotangulia, kwa hiyo namba zenyewe huzidishwa kwa mbili. Mifumo hii miwili hukutana kwenye 16 tu. Chini yake na juu yake huachana: 8 ya kale ni f/11, 32 ni f/22, na 64 ni f/32. Mimi nilikuwa nimehesabu mwanga wa f/32 nikiwa kwenye f/22, na kanuni ya kuchoka kwa filamu ikalikuza kosa hilo zaidi, kwani kipimo sahihi cha sekunde 30 kilistahili sekunde 73 nami nikatoa 174. Dawa haikuwa na hatia. Nimebandika karatasi ndogo kwenye kopo la lenzi yenye namba za kale upande mmoja na namba za sasa upande wa pili.

28 Januari

Siku mbili za kazi yenyewe. Mwanga mzuri huingia kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, wakati jua linapopiga ukuta wa kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, na kuakisiwa kupitia msana, chumba kinachotazama ua huo, hadi ndani. Mwanga huo huja kwa ubavu, nao ndio unaoonyesha kina cha kila kidaka. Saa sita kila kitu hulainika na ukuta huonekana kama karatasi. Upande wa mbali ulikuwa na kiza zaidi, nami nimetundika shuka jeupe la Bi Mkubwa juu ya kamba, bila msumari, ili lirudishe nuru kidogo.

Utaratibu ni mmoja kwa kila kipande. Naweka kamera juu ya alama ya chaki, natazama timazi, naingia chini ya kitambaa na kulinganisha ukingo wa kioo cha fokasi na mstari wa kidaka. Picha iko kichwa chini, na baada ya saa moja jicho huzoea na kuacha kuigeuza. Natia fokasi nikiwa na uwazi wote, kwa kioo cha kukuzia, nikilenga nusu ya kina cha kidaka badala ya uso wa ukuta. Nafunga tundu hadi alama ya 32, naweka kasha, navuta kifuniko, naondoa kizibo cha lenzi na kuhesabu sekunde 73. Katika sekunde hizo hakuna anayeruhusiwa kupita sakafuni, kwa kuwa nyumba hizi hutikisika. Mjukuu wa Bi Mkubwa alisimama mlangoni kama askari, akiwazuia hata paka.

Jana nilimaliza safu ya chini, leo safu ya juu. Vipande vinane, na vingine viwili vya akiba.

1 Februari

Kusafisha filamu Lamu ni kushindana na joto. Maji ya tangi yana nyuzi 29, na dawa niitumiayo, ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, imekusudiwa dakika 11 kwa nyuzi 20. Kuifikisha 20 ni kazi bure, kwa sababu itapanda tena katikati ya kazi. Nimeichagua 24 na kuupunguza muda hadi karibu dakika 8. Barafu nimenunua kwa wauza samaki, nikaifunga katika mifuko ya plastiki na kuizungushia chupa; barafu haiingii ndani ya dawa kamwe. Jambo la kushika zaidi ni kwamba kila kioevu, kuanzia dawa ya kwanza hadi maji ya kuoshea, kiwe na joto linalokaribiana, kwa maana utando wa filamu ukitoka kwenye baridi na kuingia ghafla kwenye moto unaweza kujikunja kama ngozi ya maziwa.

Maji matamu hapa hayamwagwi ovyo. Mji hunywa kutokana na visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na nisingeweza kuyaacha yatiririke nusu saa kwa ajili ya negativu zangu. Nimeosha kwa maji ya bahari yaliyochujwa kwa kitambaa mara tatu. Chumvi ya bahari huiondoa dawa ya kukazia picha upesi kuliko maji matamu, ila yenyewe haifai kubaki kwenye filamu, kwa hiyo suuza ya mwisho, ya dakika tano, ni ya maji ya mvua. Nilikuwa na hofu. Leo nimezitazama negativu zikiwa zimekauka, nazo ni safi kabisa.

Safi zote isipokuwa moja. Kipande cha sita kina ukanda mweusi unaoanzia pembeni na kufifia kuelekea katikati. Nimelichunguza kasha lake na kukuta mende wamekula kitambaa cha kuzuia mwanga kwenye mlango wa kifuniko. Nimekitia viraka vya mahameli nyeusi, na kipande hicho nitakirudia.

5 Februari

Nimekirudia kipande cha sita, kisha nikaifunga lenzi ya Petzval kwa mara ya kwanza mbele ya ukuta, jambo nililolingoja tangu mwanzo.

Joseph Petzval aliikokotoa lenzi hii kwa hesabu mwaka 1840, na Voigtländer akaitengeneza, wakati ambapo mtu aliyepigwa picha alilazimika kutulia kwa dakika nzima au zaidi. Lenzi yake ilipitisha mwanga mwingi, takriban f/3.6, na kuufupisha muda huo sana. Bei ya wepesi huo ni kwamba fokasi yake haikai kwenye uso bapa bali kwenye uso uliopinda kama ndani ya bakuli. Kwenye kioo cha fokasi nilikiona kidaka cha katikati kikiwa kikali kiasi cha kunitia furaha, na zidaka zilizokizunguka zikiyeyuka na kuzunguka kama maji yanayoshuka kwenye tundu.

Ni picha nzuri, na haifai. Ukuta huu ni bapa. Aliyeuchonga alipima kila kidaka kwa uzi, na thamani ya kazi yake iko katika usawa wa cha pembeni na cha katikati. Lenzi inayokitukuza kimoja na kuvifuta vingine inasema uongo juu ya mkono wake. Fundi atakayetaka kuirejesha lipu hii miaka 50 ijayo hatapata kipimo chochote hapo. Nilikaa mbele ya kioo muda mrefu kabla ya kuifungua lenzi na kuirudisha kwenye kopo, kwa sababu mapenzi niliyokuwa nayo kwa wazo lile hayakuwa madogo.

9 Februari

Petzval imepata kazi yake. Fundi aliyenitengenezea ubao wa nyuma huchonga pia miimo ya milango, na amekubali kuketi karakanani mwake, patasi mkononi, mbele ya mwimo wa mbambakofi. Uso wa mtu na mikono yake haviko kwenye uso bapa, na karakana iliyomzunguka haihitaji kusomeka.

Mara ya kwanza nilitumia karatasi ya kuchapia mahali pa filamu, kwa kuwa ni ya polepole na huruhusu kizibo kiondolewe kwa mkono kwa sekunde 2. Karatasi hiyo haioni wekundu. Mbambakofi umetoka mweusi kama makaa na uso wa fundi umeingia giza usilostahili. Nimerudia kwa FP4 Plus nikiweka mbele ya lenzi kichujio cha kijivu kinachopunguza mwanga mara 8, ambacho kilinipa muda wa sekunde moja hivi. Fundi aliegemeza kiwiko kwenye mwimo ili asitikisike. Safari hii ngozi yake ina rangi zake zote za kijivu, mishipa ya mkono inaonekana, na mchongo ulio nyuma ya bega unazunguka taratibu kuelekea pembeni. Kwa picha hii sibadilishi hata nukta.

13 Februari

Nimechapa vipande vyote vinane kwa kuzilaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi, chini ya kioo, kwa taa ndogo ya juu. Kila picha ina ukubwa wa negativu yake. Usiku wa kuamkia leo nimezipanga mezani na kuzifuatisha mistari. Nilimkumbuka Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu aliyesifika kwa kukata na kuunganisha picha katika studio yake. Yeye aliunganisha ili kuumba kisichokuwepo, nami naunganisha ili kisipungue kilichopo, ila wembe na subira ni vile vile.

15 Februari

Nimempelekea Bi Mkubwa picha. Alitandika mkeka msanani, nami nikazipanga juu yake katika safu mbili. Akavaa miwani, akazitazama moja moja kwa kidole, bila kusema, kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye kipande cha tatu cha safu ya juu.

“Mwanangu, hiki umekigeuza.”

Nilimwambia kwa heshima kwamba mistari yote imekutana. Akaniambia mistari itakutana tu, kwa sababu aliyejenga alizifananisha zidaka za kulia na za kushoto. Lakini ule ufa mwembamba kama unywele ulikuwa upande wa kushoto wa kidaka, chini ya mahali mama yake alipokuwa akiweka bakuli la buluu, naye aliupangusa vumbi kila Alhamisi tangu akiwa msichana. Tuliingia ndani na taa. Ufa uko kushoto. Negativu nilikuwa nimeilaza upande usio wake, na ulinganifu wa ukuta ulikuwa umelificha kosa langu.

Nimekichapa upya usiku huu. Kuanzia sasa kila negativu ina alama ya wino kwenye pembe ya chini ya kulia, upande wa utando. Bi Mkubwa ameomba seti moja ibaki nyumbani, na nyingine apewe fundi wa lipu aitundike mbele yake anapofanya kazi. Mafundi wanaingia Jumatatu. Nitaibeba kamera tena siku ya kwanza, nipige mawe yatakayoonekana chini ya lipu kabla hayajafunikwa.